Sikio la Frouke Wiersema

Ukimwona Frouke Wiersema leo akipita mjini Utrecht na baiskeli yake yenye kikapu, amevaa koti la mvua lililopauka mabegani, utadhani ni karani wa posta anayewahi nyumbani kuwapikia watoto. Watoto hana, na kupika hajui. Mimi niliyeishi naye nyumba moja wakati wa chuo ni shahidi, viazi vyake nimevila. Anafundisha hapsikodi watu wazima waliochelewa kuanza, analinganisha nyuzi za vinanda vya watu majumbani, na Jumapili anapiga kanisani anapoitwa. Jina kubwa hajawahi kuwa nalo na sidhani kama alilitafuta. Lakini nimewasikia wanamuziki wengi wakijisifu kwa yale waliyoyatoa kwa ajili ya muziki, na wengi wao walitoa usingizi tu. Frouke alitoa kitu. Yeye mwenyewe hasemi, watu wa Groningen, kule kaskazini, ndivyo walivyo, kwa hiyo nasema mimi. Natoka Limburg, kusini kabisa, ambako mtu akinyamaza kidogo anaitiwa daktari.

Tulikutana mwaka 1981, wiki ya kwanza ya chuo cha muziki. Mimi nilikuja na zumari langu la mbao, la umbo la kizamani, linalopulizwa kwa vipande viwili vya tete vilivyofungwa kwa uzi. Yeye alikuja mikono mitupu, maana hapsikodi haibebwi kwapani. Kwa asiyeijua, ina umbo la piano iliyokonda, ila nyuzi zake hazigongwi. Hudonolewa. Ukibonyeza kidole, kipande cha unyoya kinainuka na kudonoa uzi wake. Ndiyo maana sauti yake ni nyembamba, inametameta, na huwezi kuilazimisha ipige kelele hata ukiipanda kwa magoti.

Ghorofa za chini za chuo walikaa watu wa piano na fidla za kawaida, wenye nywele zilizochanwa na mikataba ya kesho. Sisi wa muziki wa kale tulikuwa juu kabisa, chini ya paa, kwenye vyumba vilivyonuka nta, gundi na utumbo wa kondoo. Nyuzi za fidla zetu zilikuwa za utumbo kweli, na siku ya mvua zililegea zote kwa pamoja, watu wakaacha somo wakakaa wakizikaza huku wakilaani hali ya hewa. Tulisoma vitabu vya walimu waliokufa karne tatu zilizopita, tukagombania kidole gumba kilikaa wapi zamani zile, na ugomvi huo uliweza kuvunja urafiki. Teunis, mpiga selo wetu, ile fidla kubwa inayobanwa magotini, hakusema na mchumba wake wiki nzima kwa sababu ya namna ya kushika upinde. Mchumba mwenyewe alikuwa anasomea meno.

Na tulipiga chini. Piano zote za leo, vinanda vya kanisani, bendi za polisi, wote wamekubaliana noti ya A ni sauti ipi. Zamani kila mji ulikuwa na A yake, na sisi wa muziki wa kale tukajichagulia ya chini, nusu sauti nzima chini ya ile inayotumiwa na dunia. Kwa mtu wa kawaida hilo si tatizo. Sikio la mtu wa kawaida haliijui A, linajua tu kupanda na kushuka. Mimi ungeishusha dunia nzima nikiwa nimelala, nikiamka ningeomba kahawa.

Frouke hakuwa mtu wa kawaida. Sikio lake lilizijua noti kwa majina, vile wewe unavyoijua nyekundu bila kuuliza. Alizaliwa nalo, na alilirithi kwa baba yake, mzee Derk, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kwenye kijiji cha udongo mzito karibu na bahari ya kaskazini, ambaye kila Jumapili alivua mabuti akapanda kupiga kinanda cha kanisa. Derk hakuwa mtu wa kumwambia binti yake nakupenda. Alikuwa mtu wa kusema, "Lango leo limeshuka hadi F, kuna unyevu," na binti akajibu, "F kasoro kidogo," na wote wawili wakaenda kukamua wameridhika. Mashine ya maziwa ilikuwa na noti yake, birika lake, jogoo wa jirani yake. Mama aliwasikiliza mezani akasema, "Nyie wawili mna wazimu, na nguo za wazimu nazifua mimi." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, baba na mtoto, tangu Frouke hajajua kufunga kamba za viatu. Sijui kama waliwahi kuwa na mengine.

Sasa mchukue mtu huyo umketishe mbele ya hapsikodi ya chuo. Karatasi inasema D. Anabonyeza D. Sikio linamwambia, mwongo, hiyo si D. Macho na vidole viko upande huu, sikio upande ule, na muziki unakwenda mbio hausubiri mtu. Miezi ya kwanza Frouke alijikaza. Alipiga huku amekunja uso, na akitoka darasani alikuwa ameloa jasho katikati ya Oktoba.

Mwezi wa Novemba tukapewa onyesho dogo, kwenye kikanisa cha wazee: fidla, zumari langu, selo ya Teunis, na Frouke. Mpiga hapsikodi kwetu hapewi kila kitu. Anapewa mstari wa chini tu, na tarakimu juu ya noti, maelewano mengine, zile noti za kulia pamoja, anayatunga papo hapo. Sehemu ya kwanza tulikwenda vizuri. Ya pili ilikuwa ya taratibu, na mahali fulani sisi wa kupuliza na kuvuta upinde tunanyamaza, hapsikodi inabaki peke yake kwa muda. Frouke akafumba macho. Akatunga vitu vizuri sana, nakumbuka nilisahau kulowesha tete langu. Kisha sisi wengine tukaingia, na kikasikika kitu cha kutisha, kama makabati mawili ya vyombo yameanguka kila moja upande wake.

Alipofumba macho, sikio lilichukua usukani. Mikono ilikuwa imehama yenyewe ikaenda kuitafuta D ya nyumbani, akawa nusu sauti juu yetu sote.

"Uko wapi?" Teunis alimnong'oneza.

"Niko hapa!" Frouke alijibu kwa sauti, wazee wote wakasikia. "Nyie ndio mko wapi?"

Tukasimama, tukaanza upya. Babu mmoja alitujia baadaye akatushukuru, akasema amependa hasa pale tulipochanganya na muziki wa kisasa.

Kesho yake Frouke aliitwa na mwalimu wake, Bi Machteld, mama mrefu mwenye sauti ya kukwaruza na vijisigara vyembamba vya kahawia. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikataa kutoka.

"Karatasi ilisema nini?" aliuliza Bi Machteld.

"D."

"Wewe ukabonyeza nini?"

"Nilibonyeza D. D ya kweli."

"Ya kweli!" Bi Machteld alicheka moshi ukamtoka puani. "Mwanangu, una sikio la ajabu, na litakufukuzisha chuo. Juni kuna mtihani wa chujio. Utapewa mstari wa chini ambao hujawahi kuuona, upige na wenzako palepale. Ukihama tena kama jana, jopo litakurudisha kwenu ukapige piano ya harusi. Na mimi sitakutetea, maana watakuwa na haki."

"Nifanye nini?"

"Dawa ipo moja. Usiguse wala usisikilize kitu chochote kinachotumia A ya juu mpaka Juni. Si piano, si redio, si kinanda cha kanisa. Kaa huku chini na sisi mpaka sikio lichoke kungoja."

"Likichoka?"

"Litahama."

"Halafu litarudi?"

Bi Machteld aliangalia majivu ya kijisigara chake. "La kwangu halikurudi," alisema, kisha akafungua dirisha akatufukuza, ana mwanafunzi mwingine.

Tulirudi nyumbani tukikokota baiskeli kando ya mfereji. Frouke alisimama darajani. Hapo akaniuliza, "Lidu, nitamwambiaje baba?" Mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia mwambie tu, mzee mwenyewe anapenda muziki, atafurahi. Ushauri wa mtu asiye na sikio.

Krismasi alinichukua kwao. Nilitaka kuiona nchi isiyo na kilima, nikaiona. Hata fuko akifukua tope linaonekana kutoka kijiji cha pili. Tulikaa jikoni kula supu nzito ya njegere, na soseji kavu ya kwao yenye harufu ya karafuu. Mzee Derk alikuwa mwembamba, masikio makubwa, na aliniuliza maswali mawili tu kwa siku nne. Akamgeukia bintiye.

"Ibada ya Krismasi unapiga wewe. Mimi nitakugeuzia kurasa."

"Siwezi, baba. Niko kwenye mfungo."

"Mfungo gani? Sisi si Wakatoliki." Kisha akanitazama. "Samahani, binti."

"Usijali, mzee, hata mimi sifungi," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Frouke akaeleza. Alieleza vibaya, kwa vipande, kijiko kikiwa mkononi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani unalifundisha sikio lako kusema uongo," alisema.

"Nalifundisha lugha nyingine."

"Lugha nyingine mtu anajifunza bila kusahau ya kwao."

"Bi Machteld anasema sikio si kama ulimi, baba. Lina nafasi ya A moja tu."

"Na hiyo moja ndiyo unaitoa."

"Nisipoitoa nitafukuzwa."

"Kwa hiyo unaitoa."

"Ee, baba. Naitoa."

Mama yake akasema supu inapoa. Mzee Derk akala supu yake yote, akapangusa sahani kwa mkate, akainuka kwenda kwa ng'ombe. Asubuhi iliyofuata nilikuwa zizini, nimeshika ndoo nikijifanya nasaidia, mashine ya maziwa ikiunguruma. Mzee akasema bila kugeuka, kwa mazoea tu, kama mtu anayeuliza umelalaje, "Leo iko wapi hii?" Frouke aliacha alichokuwa anafanya. "Usiniulize, baba," alisema. "Tafadhali." Mzee akaitikia kwa kichwa. Siku zilizobaki hakuuliza tena, si mashine, si lango, si jogoo. Niliwahi kukaa kwenye nyumba zenye ugomvi wa vyombo kuruka, na nilizipenda kuliko nyumba ile iliyokuwa na amani namna hiyo.

Wakati wa ibada sisi wawili tulibaki nje makaburini, Frouke ametia pamba masikioni na kofia ya sufu juu yake. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Tulizunguka polepole katikati ya majina ya mababu zake, na kila kanisa lilipoanza kuimba, mimi nilimwonyesha kwa kidole, naye akahamia ukuta wa mbali zaidi.

Tuliporudi Utrecht ukungu ulikuwa umeshuka kwenye mifereji, ukakaa mpaka karibu mwezi wa tatu. Nikikumbuka majira yale nayakumbuka kama usingizi wa mchana, ule ambao unasikia watu wakiongea chumba cha pili na huna haja ya kuelewa. Nyumba yetu ilikuwa nyembamba, ngazi kali, maji ya mfereji chini ya dirisha. Mwanga wake ulipanda ukacheza kwenye dari. Frouke alipiga mchana kutwa kwenye hapsikodi ndogo aliyoazimwa na chuo, vitu vya polepole, mkono mmoja, na mimi nikachonga matete yangu mezani, tukapitisha saa nzima bila neno. Mimi! Nyumbani Limburg wasingeamini.

Kuna kitu kilikuwa kinamtoka. Nilikiona kwa macho. Zamani sauti yoyote ikilia aliinua kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa. Sasa akawa hainui. Siku moja nilimkuta amesimama jikoni, birika linachemka na kupiga mluzi, maji yanamwagikia jiko, hajalizima.

"Frouke! Birika!"

"Nasikia." Hakusogea. "Lidu, hiyo ni nini?"

"Ni birika."

"Ee," alisema taratibu. "Leo ni birika tu."

Na akatabasamu. Wiki zile alikuwa na furaha ambayo sikuielewa, furaha ya mtu mwenye homa ndogo. Alitoka mvuani bila kofia, akasimama darajani akiisikiliza ikianguka majini. Aliniambia kwamba tangu azaliwe mvua ilikuwa inamsemesha, kila tone na jina lake, kila bati, kila bomba, na hakuwahi kujua kwamba watu wengine wanapewa mvua iliyonyamaza. "Mnaishi pazuri sana," aliniambia. "Kwa nini hamkuniambia?" Sauti za dunia zilikuwa zimevua majina ya zamani na hazijavaa mapya. Alitembea katikati yake kama mgeni kwenye mji ambao hadaiwi salamu na mtu.

Barua kutoka nyumbani ziliandikwa na mama. Ng'ombe fulani kazaa, bwana fulani kafa, baba yako anasalimia.

Kisha, asubuhi moja ya Aprili, jua limetoka, mimi nikiwa bado kitandani, mlango wangu uligongwa kwa nguvu. Frouke aliingia na shuka mabegani, miguu mitupu, amepauka uso. Kengele za mnara wa kanisa kuu zilikuwa zinalia juu ya mapaa, zikipiga kijiwimbo chao cha saa kama kila siku.

"Lidu, nani amezipandisha?"

"Nani amepandisha nini?"

"Kengele. Zimepanda. Zote zimepanda nusu sauti!"

Nilimwangalia. Kengele zile zina uzito wa nyumba, zimening'inia pale tangu kabla ya nchi hii kuwa nchi.

"Hazijapanda, mwenzangu," nikamwambia.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akazisikiliza hadi zikanyamaza. Alielewa kabla yangu. Sikio lilikuwa limehama usiku, limefika huku chini kwetu, limetua, limeshafungua na mizigo. Majina yamerudi yote, ila kila jina limekaa kwenye sauti ya jirani yake. Nilimkumbatia nikampongeza. Nilipiga hata vifijo. Yeye alilia, akasema asante, akalia tena, na siku ile hatukupiga kitu.

Mtihani wa chujio ulifanyika Juni, alasiri, kwenye ukumbi mdogo wa chuo wenye sakafu ya mbao. Ndugu walikuwa wanaruhusiwa. Tulikuwa tunajipanga mlangoni nilipomwona mzee Derk safu ya mbele, suti nyeusi ya kanisani, mfuko wa karatasi magotini wenye umbo la soseji. Mtu ambaye hakuwahi kulala mbali na ng'ombe wake alikuwa amemwachia jirani ukamuaji akapanda treni tatu. Hakuwa amemwambia mtu.

Frouke alimwona. Akaniangalia mimi, kisha akaketi.

Alipewa mstari wa chini, ukurasa mmoja, asioufahamu. Akausoma kwa pumzi moja. Tukaanza. Nimepiga na watu wengi tangu siku ile, wenye majina na wasio na majina, na sijawahi kubebwa namna ile. Nilikopeleka zumari, nilimkuta ameshafika na kutandika. Palipokuwa na nafasi alitia kitu kidogo, alipoona nahitaji pumzi alinipa. Mahali pa kupiga peke yake alifumba macho. Nilimwona Teunis akikunja vidole vya miguu hadi viatu vikatuna. Mikono ya Frouke haikuhama. Ilitembea pale pale ilipoandikwa, na vile alivyovitunga vilikuwa vizuri hadi Bi Machteld, nyuma ya meza ya jopo, akasahau kuandika.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa nikitazamana na mzee Derk. Masikini yule. Alikuwa amepewa karatasi yenye jina la wimbo na noti yake ya msingi, D, na alichokisikia hakikuwa hicho. Vidole vyake vilijaribu kufuata juu ya magoti, vikapotea, vikarudi, vikasimama. Alikaa kama mtu aliyevalishwa viatu kulia kushoto akaambiwa cheza. Hata hivyo hakuondoa macho kwa binti yake.

Alifaulu. Bi Machteld alikuja akamshika shingo, akasema "Karibu chini," akatoka kuvuta. Watu wakatawanyika kwenda kunywa. Tulibaki watatu ukumbini, mimi nikikausha zumari langu polepole kuliko inavyohitajika.

Mzee Derk alisimama mbele ya hapsikodi na mfuko wake.

"Umepiga vizuri," alisema.

"Asante, baba."

"Ulikuwa unasikia nini? Ule mwanzo."

"D."

"Karatasi inasema D. Nakuuliza ulichosikia."

"D, baba. Nilisikia D."

Mzee alitikisa kichwa kidogo, mara kadhaa, kama mtu anayepewa taarifa ya msiba wa mbali. "Basi nimebaki peke yangu," alisema.

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma. Frouke alianza kukusanya karatasi zake. Mimi nikaendelea kukausha zumari lililokwisha kukauka.

Kwa kukosa la kufanya, mzee aliweka mfuko sakafuni akaketi kwenye benchi. Labda alitaka kupumzisha miguu. Labda mtu anayepiga kinanda hawezi kukaa mbele ya kinanda mikono ikatulia. Alibonyeza noti moja akaondoa kidole haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Akafikiri. Kisha, kwa akili ya sikio lake, akahamisha mkono mzima hatua moja juu, ili zaburi anayoitaka itoke kwenye sauti anayoijua, akatandaza vidole vyote akabonyeza.

Frouke alikuwa ameshanyoosha mkono kumzuia, akachelewa.

Hapsikodi ile siku hiyo ilikuwa imelinganishwa kwa mtindo wa zamani sana, Frouke mwenyewe aliilinganisha asubuhi. Kwa mtindo ule maelewano yanayotumika unayafanya matamu kuliko ya piano yoyote, na uchafu wote unaobaki unausukumia kona moja isiyopigwa, kama mfagiaji anayeficha taka chini ya zulia. Kona hiyo mafundi wanaiita mbwa mwitu. Hakuna mwanafunzi wetu anayeikanyaga. Mzee Derk alikuwa ameikanyaga kwa vidole kumi.

Ilibweka. Ilipiga ukelele ukumbi mzima, nyuzi zikigombana zenyewe kwa zenyewe, kioo cha dirisha kikatetemeka. Mzee aliruka. Frouke aliruka. Kwa wakati mmoja, kwa namna moja, kichwa kimeegemea bega lile lile la kushoto, jicho moja limefumba. Sikuwahi kugundua kabla ya hapo kwamba wanafanana.

"Mungu wangu," alisema mzee Derk. "Hiyo ni nini?"

"Wewe umesikia nini, baba?"

Mzee alitafuta. Niliona anatafuta kweli, uso umekunjamana. "Sijui," alisema mwishowe. "Haina jina."

"Na kwangu haina," alisema Frouke. "Haina kabisa."

Mzee alimtazama. Kitu kikaanza kumtikisa mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, cheko kavu la mtu asiyelizoea. Frouke akasogea akakaa kando yake kwenye benchi, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, akafuta pua kwa mkono wa gauni lake zuri la mtihani.

"Bonyeza tena, baba," alisema.